Viza ya Dubai ya mwaka mmoja kwa anayefanya kazi mtandaoni

Nianze na pesa, maana ndizo zinazowakata wengi: kipato cha dola 3,500 kwa mwezi. Hizo ni kama shilingi 450,000 za Kenya, na haitoshi kusema tu kwamba unazipata. Wanataka wazione kwenye statimenti ya benki ya miezi kadhaa, pamoja na hati ya mshahara na mkataba wa mwaka na kampuni iliyo nje ya Falme za Kiarabu. Mpango huu ulipotangazwa Oktoba 2020, wakati korona imewafukuza watalii, kiwango kilikuwa dola 5,000. Wamelegeza, sawa, ila si kwa ajili yetu.

Wenzangu wengi Mombasa wanaoishi kwa vibarua vya mtandaoni hawana mkataba wa mwaka na mtu yeyote. Leo ni tafsiri ya Mjerumani, kesho ni kuandika maneno ya rekodi za Mmarekani. Pesa zinaingia PayPal, zinashuka M-Pesa, zinaishia dukani bila benki kupata habari. Hata anayepata dola 4,000 kwa njia hiyo, kwenye karatasi hana kitu. Mimi nilipita kwa sababu kampuni ya Uholanzi ninayoishikia vitabu vya hesabu hunilipa benki kila mwezi, na mkataba wangu hauna tarehe ya mwisho.

Mwanya huo ndio wanaoula maajenti. Mmoja wa mjini, ofisi ina kiyoyozi na picha ya Burj Khalifa ukutani, aliniambia, "Dada, statimenti isikupe presha. Wewe lete pasipoti, karatasi tutazipanga." Kuzipanga! Nikamuaga kwa adabu. Ombi lenyewe linajazwa mtandaoni, kwa Kiingereza cha kawaida, na anayeweza kulipia tiketi ya ndege kwa simu anaweza kulijaza. La kusoma kwa makini ni bima ya afya: lazima iwe inafanya kazi kule, na bima nyingi za kwetu zinaishia mpakani.

Ukishafika kuna vipimo vya damu, eksirei ya kifua na alama za vidole za kitambulisho. Hapo sina lawama. Ni foleni fupi, tikiti ya namba, "shika pumzi", umemaliza. Tangu 2022 hawabandiki tena stika kwenye pasipoti. Kadi ya Emirates ID ndiyo ukaazi wako.

Kwenye foleni hiyo nilikaa karibu na kijana wa Tanga aliyekuja kupeleka chakula kwa pikipiki.

"Dada, kafili wako nani?" Yaani bosi anayekudhamini ukaazi.

"Sina kafili."

"Sasa umeingiaje?"

Nikamweleza. Akanitazama kama nimemwambia nimekuja kwa kuogelea. Na hapo, kwangu mimi, ndipo ilipo thamani ya viza hii. Mwanamke wa Pwani akisema anakwenda Dubai, mtaa mzima unafikiria kazi ya ndani na pasipoti iliyofungiwa kabatini kwa bosi. Mimi pasipoti yangu iko kwenye mkoba wangu, na mwajiri wangu hana sauti juu ya ukaazi wangu. Mipaka ipo: siruhusiwi kuajiriwa na kampuni ya huko, hata kwa kibarua cha siku moja. Ni bei ninayoilipa bila kinyongo.

Kuhusu kazi yenyewe, intaneti haina mchezo, na Zoom na Teams zinafanya kazi. Simu za WhatsApp ndizo zimefungwa. Ujumbe unapita, sauti haipiti. Mama alinuna mpaka dada yangu alipomwekea BOTIM, programu ya kupigiana simu inayokubalika kule. Saa nazo zimenifaa: Uholanzi wakianza kazi saa tatu asubuhi, kwangu ni saa tano wakati wa kiangazi chao, saa sita wakati wa baridi. Asubuhi yote ni yangu, sokoni na kufua. Jioni ndiyo inaliwa.

Pango ni habari nyingine. Wenye nyumba wengi wanataka hundi za mwaka mzima, na hundi inataka akaunti ya benki, na akaunti inataka Emirates ID. Kwa hivyo mwanzo utapanga chumba chenye samani, mwezi kwa mwezi, Deira kama mimi, kwa bei ya kuuma meno.

Naipa nyota nne kwa aliyeajiriwa na ana karatasi zake. Mwenye vibarua naye asiangalie viza ya kijani ya wanaojiajiri akidhani ni mlango wa nyuma: hiyo ni ya miaka mitano, lakini inadai kibali cha kazi na mapato ya dirham 360,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili iliyopita. Na kwa hii yetu ya mwaka mmoja, ukitoka nje zaidi ya miezi sita mfululizo, ukaazi unakufa, kwa hivyo anayetaka kushinda Mombasa huku kadi ikimsubiri Dubai atafute njia nyingine.