Uzoefu wangu na Redmi Note 14: simu ya laki tano kwa mtu anayeshinda juani Mwaloni

Simu za laki mbili na nusu hazina maneno mengi, unachukua inayokupendeza unaenda zako, na mwenye milioni na nusu naye hana haja ya kuniuliza mimi. Kichwa kinauma kwenye laki nne mpaka sita, maana hapo simu zote zina kioo kikubwa, zote zina kamera tatu mgongoni, karibu zote betri imeandikwa mAh 5000, na kila dogo anayeuza simu Makoroboi hapa Mwanza anakwambia hii ndo habari ya mjini. Nimezungukia maduka mpaka wauzaji wakanizoea, nikaishia kwenye Redmi Note 14 ile ya 4G, RAM 8 na memori 256, nimekaa nayo masika na sasa hivi kiangazi, kwahiyo naongelea kitu ninachokishika kila siku.

Mi ni muuza dagaa. Mzigo nachukua Mwaloni pale Kirumba, na bei ikipanda navuka mwenyewe Ukerewe na visiwa vya huko nafata kwa wavuvi, wateja wangu wapo Dodoma, Dar na Kahama. Biashara yote iko kwenye simu yaani: napiga picha mzigo, mteja anataka video nikiwachota dagaa kwa mkono aone kama hawana mchanga, tunapatana kwa voisi, anatuma hela, nampigia picha ile stakabadhi ya basi namtumia. Na dagaa wanavuliwa kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, kwahiyo zile wiki za giza simu haipumui kabisa, halafu mbalamwezi inakaa kabatini kama kitochi. Nasema haya ili usije ukanunua simu yangu wakati kazi yako ni ya ofisini kwenye kiyoyozi, tutakosana bure.

Kitu cha kwanza nilichokuwa natafuta ni kioo kinachoonekana juani, na hapa ndo nilipogombana na maduka. Dukani kuna kivuli na taa nyeupe, kila simu inapendeza. Toka nayo nje saa saba mchana uone. Nilikuwa nafika dukani naomba simu ya maonyesho, naweka mwanga mpaka mwisho, natoka nayo mpaka barabarani kwenye jua kali nafungua picha ya dagaa, na yule dogo ananifata nyuma kwa wasiwasi, "mama usiende nayo mbali!" Kuna moja ilikuwa kubwa balaa, laki tatu na themanini, kufika juani nikawa naona sura yangu na jasho langu tu, picha hakuna. Sababu yake ni kwamba nyingi za bei hizo zinatumia kioo cha LCD, na mwanga wake ni mdogo, wakati zikianza kukaribia laki tano unaanza kupata AMOLED, weusi wake ni weusi kweli na mwanga unapanda ukiwa nje. Mwanga huo unapimwa kwa niti. Redmi hii kwenye karatasi kilele chake ni niti 1800, ile Galaxy A16 inaandikwa 800, na hizo za kilele ni mbwembwe kidogo maana hazifikiwi kioo kizima kwa wakati mmoja, ila nilipoziweka mbili pamoja juani tofauti niliiona kwa macho yangu bila kuambiwa na mtu. Pale kwenye vichanja vya kuanikia nasoma meseji ya muamala bila kuweka kiganja juu kama mtu anayetafuta meli ziwani, na kwangu hiyo peke yake imelipa nusu ya hela.

Halafu angalia na ukali wa picha ya kioo, sio ukubwa. Simu ya inchi 6.7 yenye HD ya kawaida (720) maandishi yanakuwa na ukungu fulani hivi, usipoiweka pembeni ya full HD hauoni, ukiweka tu basi imekwisha.

Chaji. Meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, ni zaidi ya masaa matatu, ukishuka hapo unatafuta boti ya kwenda kisiwa kingine, kule kwenye kambi za wavuvi unachajisha kwenye sola ya mtu kwa kulipia, na kuna foleni, simu kumi na kitu zimening'inia kwenye ubao mmoja. Hii ina betri ya 5500 wakati wenzake wengi wa bei hiyo wana 5000. Kwa karatasi mia tano ni ndogo, kwa mtu aliye kisiwani ni ile jioni ya mwisho unapopiga hesabu na wavuvi. Chaja yake wati 33 nimeikuta ndani ya boksi na hilo uliulizie kabla ya kutoa hela, maana Samsung siku hizi haziji na kichwa cha chaja, unakuta waya tu, kwahiyo bei yake jumlisha na chaja ya wati 25 nzuri, na ukienda kununua ya elfu tano ya barabarani usije kulalamika simu inachaji usiku kucha. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025 safari za Sengerema zimekuwa nyepesi hata sijali chaji, ila visiwani bado powabenki naibeba, nisidanganye.

Sasa tuje kwenye namba ambazo wanazitumia kutuchota. RAM kwanza, ile inayobeba programu ulizofungua kwa wakati mmoja. Dogo mmoja Mtaa wa Rufiji kaniambia "mama hii RAM kumi na sita, chuma hiyo," nikamuuliza ni kumi na sita au ni nane jumlisha nane? Akacheka, "aah, kumbe unazijua." Ile nane ya pili wanaikopa kwenye memori ya kuhifadhia vitu, na memori hiyo iko polepole kuliko RAM yenyewe, inasaidia kidogo ila sio RAM. Wewe shika ile namba ya mbele. Nne ni ndogo kwa WhatsApp biashara, programu za benki na Facebook vyote kwa pamoja, sita inatosha, nane unatulia.

Kamera nayo. Hii imeandikwa megapiksel 108 na mi nilijua kabisa sitozitumia, kwasababu kwa kawaida simu inachukua nukta tisa inazifanya moja, unapata picha ya megapiksel 12, na zile za 50 zinafanya nne kuwa moja unapata hizo hizo 12 na kidogo. Halafu ukituma WhatsApp inabanwa tena, ukitaka mteja aone dagaa mmoja mmoja bonyeza HD kabla ya kutuma, watu wengi hawaijui hiyo na iko tokea 2023. Zile kamera nyingine mbili za megapiksel 2 ni za kujaza nafasi mgongoni, usihesabu. Picha za mchana ni safi sana, rangi ya fedha ya dagaa inatoka vizuri haigeuki bluu. Usiku Mwaloni chini ya taa ni za kawaida tu, zinaonekana lakini ukivuta unaona chenga, na kwa laki tano mi nimeridhika, anayetaka picha za usiku za harusi akaongeze hela.

Kitu ambacho wauzaji hawakitaji mpaka uwaulize ni prosesa, yaani ubongo wa simu, na ndo kinachoamua simu itakuwaje mwakani. Bei hizi utaikuta Helio G99 kwenye simu nyingi mno, kwa majina yake, G99 Ultra, G99 Ultimate, ni yule yule kavaa kofia tofauti. Iko kwenye hii yangu, iko kwenye A16 ya 4G, iko kwenye Infinix Note 40 na Tecno Camon 30 za 4G. Kwahiyo ukiambiwa moja ina spidi kuliko mwenzake hapo mwambie akuoneshe. Kwa maana hiyo spidi unaiweka pembeni unabaki kuchagua kioo, chaji na mengine unayoyashika kwa mkono. Kwa kazi zangu haijawahi kunikwamisha, video za dakika mbili naunganisha humo humo.

5G niliiacha makusudi. Sisemi ni mbaya, ila kwa bei ile ile ukitaka 5G mara nyingi kuna mahali pengine wamekata, na huko ninakoenda mimi ukipata 4G iliyotulia unashukuru Mungu.

Laini mbili lazima, maana wateja wengine M-Pesa, wengine Airtel Money, na siwezi kuwaambia wabadilishe mtandao kwa ajili yangu. Ila angalia kile kitundu cha laini, simu nyingi za daraja hili ukiweka laini mbili hakuna pa kuweka memori kadi, ni hiki au kile, na hii yangu iko hivyo hivyo. Ndo maana nikachukua 256 moja kwa moja. Video za wateja, magrupu ya vikoba, picha za harusi ambazo hukuomba, 128 inajaa mapema kuliko unavyodhani.

Maji na chumvi. Imeandikwa IP54, maana yake vumbi na maji ya kurushiwa, manyunyu ya boti sawa, kuzama hapana. Ukitaka ya kuzama utafute IP67, ile ya mita moja kwa nusu saa, Galaxy A35 inayo ila hapo umeshatoka kwenye laki tano. Mi kwenye boti naiweka kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kama zamani. Na kwa wenzangu wa kayabo, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, chumvi inakula tundu la chaji, futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchomeka, fundi yeyote atakwambia. Halafu alama ya kidole iliyo chini ya kioo na vidole vya mtu aliyeshika dagaa haviendani, iwe simu gani, mi nimeweka namba ya siri basi.

Mdogo wangu ni mwalimu, anakaa Nyegezi, tulikuwa na bajeti sawa na nikamwambia achukue Galaxy A16 na sijabadilisha mawazo. Yeye yuko ndani muda mwingi, umeme anao, na anakaa na simu moja mpaka ife, Samsung hiyo wameahidi matoleo sita ya Android, kwa bei hiyo sijaona mwingine anayefika hapo. Spika yake ni moja, yangu mbili, yeye hajali, mi voisi nazisikiliza sokoni kwenye kelele najali. Ana furaha na simu yake na kila tukikutana ananitania kwamba ya kwangu inanuka samaki, ambayo ni kweli.

Mpwa wangu wa bodaboda yeye alitaka kupanda mpaka zile zenye kamera inayojituliza, ile video isitikisike. Nikamwambia hiyo kwenye pikipiki ni hasara, kile kidude cha kutuliza kamera kinaharibiwa na mtetemo wa injini, Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kuhusu kufunga iPhone kwenye usukani wa pikipiki. Simu nyingi za laki nne tano hazina kitu hicho na kwake yeye ni heri tu.

Yusd za Dubai, yaani simu zilizokwishatumika, nimeziangalia, unapata iPhone au Samsung ya daraja la juu kwa hela ile ile na mkononi ni tamu kweli. Ila betri ishachoka, na nyingine masasisho yameshakatika, mfano iPhone X imeishia iOS 16, programu za benki zitaanza kukukataa moja baada ya nyingine. Simu za mkopo pia niliulizia, wa kulipa kidogo kidogo kila siku, nikapiga hesabu ya mwisho ikazidi bei ya taslimu kwa hela ya maana na ukichelewa wanaifunga ukiwa katikati ya biashara. Kama huna njia nyingine sawa, ila mbalamwezi hakuna hela ya marejesho, mi nikadunduliza.

Siku ya kununua fungua boksi mbele ya muuzaji, bonyeza *#06# namba za utambulisho wa simu (IMEI) zitokee, zilinganishe na zilizo kwenye boksi, halafu itume hiyo IMEI kwenda 15090, TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu gani. Jibu likija jina la simu nyingine rudisha hapo hapo usisikilize hadithi. Watu walizimiwa simu feki Juni 2016, wengine humu mnakumbuka. Dai risiti ya EFD na waranti iandikwe na muhuri, mi niliambiwa "risiti ipo ila mashine inasumbua" kwenye duka moja nikaondoka, duka la tatu mbele yake mashine ilikuwa nzima na bei ikashuka elfu kumi na tano na protekta nikabandikiwa bure. Kava la bure walilonipa lilikuwa la ovyo, nimenunua lingine gumu.