Bedsita ya ekstensheni Buruburu, baada ya miezi kumi na minane

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa tatu na nusu, ila dirisha limekula hiyo nusu.

Kazi yangu ni kushona mapazia, kwa hivyo mnisamehe nikianzia dirishani. Siku niliyoletwa kuona chumba nilichomoa utepe kabla sijauliza bei. Chumba ni mita tatu na nusu kwa mita tatu, sinki na meza ya kupikia vikiwa humo humo, choo na bafu nyuma ya mlango mwembamba. Dirisha ni sentimita 90 kwa 90. Ukilifungua unakutana na ukuta wa ekstensheni ya jirani; ukinyoosha mkono unaugusa. Nililifunika kwa mabaki ya kitambaa cha mteja wangu wa Kileleshwa, na kikabaki cha kushona mito miwili. Sijawahi kushona pazia dogo hivyo kwa mtu anayelipa 16,000 kwa mwezi.

Kwa wasioijua Buru, yaani Buruburu, mtaa wa Nairobi: hizi nyumba zilijengwa kwa awamu tano, kuanzia miaka ya 70 hadi mwanzoni mwa 80, nyumba za vigae zilizopangwa kuzunguka vijiuwanja tunavyoviita korti (hapa hakuna hakimu, ni watoto na mpira). Kila nyumba ilikuwa na ua mbele, pa gari moja na mawaridi kidogo. Siku hizi kwenye ua pameota ghorofa tatu au nne za kupangisha. Ndiyo ekstensheni. Mimi niko ghorofa ya tatu, yaani kama nina mawaridi, yako chini yangu mita nane, yamefunikwa kwa zege. Nyumba yenyewe bado ipo nyuma, na sebule yake huwashwa taa saa nane mchana.

Gharama za kuingia zilikuwa hivi. Ajenti alinitoza 1,000 ya kuonyeshwa vyumba vitatu, viwili kati yavyo vikiwa vimeshachukuliwa na watu, nguo zimeanikwa. Huyo simtaji, ila mkikutana na kijana anayesema "twende haraka kabla hakijaenda", mwulize kwanza kama kina mtu. Kisha kodi ya mwezi, dipoziti ya mwezi, 500 ya maji, 300 ya takataka. Stima ni tokeni, mita yako mwenyewe, na hilo ni jambo zuri kuliko yote katika ploti hii. Nina cherehani ya umeme na pasi. Nilikotoka tulikuwa tunagawana mita moja watu wanane, na kila mwisho wa mwezi macho yote yalinigeukia mimi.

Maji huja kwa mgao, lakini matangi ni makubwa na keateka, mtunza ploti, hasahau kuwasha pampu. Lango ni imara. Matatu za 58 ziko karibu, na Eastleigh, ninakonunua kitambaa, si mbali. Kelele ipo Ijumaa na Jumamosi. Mtu aliyehamia Buru akilalamikia muziki ni sawa na aliyehamia Mombasa akilalamikia joto.

Sasa niseme kwa nini chumba hiki kinanikera kuliko anavyostahili kukerwa mpangaji wa kawaida. Mimi nimezaliwa Buru, 1986, awamu ya nne, katika nyumba ya vyumba vitatu vya kulala.

Babu yangu alifanya kazi reli na akaishi Muthurwa, chumba kimoja cha mwajiri. Siku aliyostaafu alirudisha ufunguo akaenda zake Butere, ambako ndiko alikokuwa amejenga. Nairobi kwake ilikuwa kazini tu. Baba, karani wa Posta na Simu, akanunua nyumba ikiwa mpya kwa mkopo wa HFCK, kampuni ya mikopo ya nyumba iliyoanzishwa 1965 na serikali pamoja na CDC, shirika la maendeleo la Waingereza. Mshahara ulikuwa mmoja, mama hakuwa ameajiriwa. Baba husema malipo ya mwezi yalikuwa robo ya mshahara. Mama husema ni theluthi, na kwamba yeye ndiye aliyejua sukari iliisha tarehe ngapi. Ugomvi huo haujaisha hadi leo, lakini mkopo uliisha, na hati iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chao.

Si kwamba enzi zile kila mtu alipata. Buru ilikuwa ya watu wenye hati ya mshahara. Wengine walipewa ploti Dandora katika mradi wa Benki ya Dunia ulioanza 1975: kipande cha ardhi, bomba, choo, ujijengee mwenyewe. Na huko pia ploti nyingi sasa ni ghorofa za vyumba vya kupangisha.

Mimi nilienda benki mwaka jana na daftari langu la oda na taarifa za M-Pesa za miaka miwili. Afisa alikuwa na adabu. Aliuliza hati ya mshahara mara tatu, kwa namna tatu tofauti. Baadaye nikasoma kwamba mikopo yote ya nyumba katika benki za nchi hii ni takriban 30,000. Ukiwaita wote Kasarani hawajazi uwanja. Kaka yangu mwalimu ndiye anayekatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu za serikali, mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo, na amejiandikisha Boma Yangu, mtandao wa kuombea nyumba hizo. Mimi humwuliza kila Krismasi kama amepata.

Mwenye nyumba wangu ni mjane wa rika la mama yangu, wanajuana kanisani. Ndiye anayewasha taa saa nane mchana. Januari alipitisha karatasi chini ya mlango: kutoka 14,500 hadi 16,000. Nikashuka kumwona.

"Mama, hii imepanda sana."

"Mwanangu, hata mimi vitu vimenipandia."

Nilikuwa nimesoma sheria, nikajua sina pa kwenda. Baraza la kodi za nyumba linasikiliza wapangaji ambao kodi yao haizidi 2,500 kwa mwezi, na kwa pesa hiyo leo utatafuta chumba cha mabati, na utatafuta sana. Tukanywa chai gizani, nikapanda ngazi na 16,000 yangu.

Kumtukana siwezi. Baba alipostaafu alichukua kiinua mgongo akafanya vile vile: aling'oa michungwa ya mama akajenga vyumba sita. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyonilipia karo ya chuo na cherehani ya kwanza. Bedsita kama hii ndiyo iliyonilea, ila nilikuwa upande wa kupokea. Pensheni ya wazee wetu siku hizi inatoka mifukoni mwa watoto wa wenzao.

Wateja huniuliza kwa nini sikai kwa baba bure. Katika vyumba vyake sita, kimoja anakaa kaka mdogo, halipi. Vile vitano vinanunua dawa za presha na sukari. Nikiingia kimoja, inabidi tuchague kati ya presha na sukari.

Kwa hivyo nani aje hapa? Mtu mmoja, mwenye kazi mjini, anayerudi jioni na haoni tofauti dirisha likitazama ukuta. Wawili mtagombana ifikapo Jumatano. Mwenye mtoto asijaribu, ngazi hazina kinga upande mmoja, nimesema mara mbili na nitasema ya tatu. Mwenye gari aliache kwao. Ukija kuona, njoo mchana na uzime taa kwanza, maana ajenti huja mbele yako kuiwasha.

Juzi baba alinipigia simu.

"Mama, huko unalipa ngapi sasa?"

Nikamwambia 16,000.

"Na maji yamo humo?"

"Hapana, ni 500 kando. Na takataka 300."

Akanyamaza.

"Hapa kwangu ni 11,000," akasema polepole, "na maji yamo." Kisha nikamsikia akimwomba mama amletee kalamu.