Mkandarasi wa Paa Aliyeanza kwa Kuuliza Upepo Unatoka Wapi

Paa letu la kwanza liliezekwa na fundi hodari aliyezoea kazi za bara, kwenye hewa kavu na mvua chache, naye akatufanyia yale yale aliyokuwa akiyafanya huko, ilhali nyumba yetu iko karibu na bahari. Bati la chuma lililopakwa zinki pekee, ambalo bara hudumu miaka mingi, kwetu lilianza kuliwa na kutu mapema. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu iliyochakaa zaidi ilikuwa upande wa chini wa bati penye ukingo wa paa, mahali ambapo mvua haifiki: juu ya paa mvua huosha chumvi, lakini kule chini chumvi hujikusanya bila kuoshwa.

Mkandarasi wa pili, ambaye ndiye ninayemtathmini hapa, alikuja na swali ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza: wakati wa mvua kubwa, upepo hutoka upande gani? Kisha akakagua kutu kwenye nondo za madirisha, akapanda darini, na baada ya hapo ndipo tukazungumzia bati. Alipendekeza bati lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, ambamo aluminiamu ni takriban asilimia 55 ya uzito, huku akikiri wazi kwamba kwa nyumba iliyo mita chache tu kutoka kwenye mawimbi angeshauri bati la aluminiamu tupu. Aliweka pia utando wa kutenganisha bati na papi, yaani mbao ambazo bati hufungwa juu yake, kwa kuwa mbao zetu zilitiwa dawa yenye shaba, na shaba ikikutana na unyevu huharibu bati la aina hiyo.

Sifa kubwa zaidi nampa kwa namna alivyoushughulikia upepo. Wengi wetu hudhani kwamba upepo hulisukuma paa, kumbe mara nyingi hulinyonya kwenda juu, na nguvu hiyo huwa kali zaidi kwenye kingo na pembe. Kwa hiyo alizipanga skrubu kwa ukaribu zaidi sehemu hizo kuliko katikati, na kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, akaifunga kwenye mkanda wa zege ulio juu ya kuta kwa vipande vya chuma visivyoshika kutu. Misumari aliikataa kabisa, akieleza kwamba bati la chuma lenye urefu wa mita 10 hutanuka kwa karibu milimita 5 joto lake linapopanda kwa nyuzi 40, na mwendo huo wa kila siku hulegeza msumari hatua kwa hatua.

Kazi hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Vijana wake walikata mabati kwa grinda juu ya paa, na cheche zake ziliunguza rangi na kuacha chembe za chuma zilizogeuka madoa ya kutu ndani ya siku chache. Kwenye hewa ya chumvi hilo ni kosa zito, hasa kwa kuwa makasi ya bati yalikuwapo. Ya pili ni mifereji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 120 likipata milimita 50 kwa saa moja humwaga lita 6,000, na bomba moja la kushushia maji halikuweza kuhimili. Mvua ya kwanza ilifurika hadi ukutani. Alirudi nilipomwita, akaongeza bomba la pili bila kudai malipo.

Kabla ya kusaini mkataba nilimwomba anionyeshe paa aliloezeka yeye mwenyewe karibu na bahari zaidi ya miaka mitano iliyopita, na nilifurahi kwamba hakusita. Tuliandika aina ya bati na geji yake, yaani kipimo cha unene, tukikumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30. Soma pia dhamana ya kiwanda neno kwa neno, kwa maana nyingi huziondoa nyumba zilizo karibu na bahari.

Misimu miwili ya mvua imepita na dari ni kavu. Kazi ya kuezeka nyumba ya mama yangu nitampa mkandarasi huyu huyu, ila safari hii katazo la grinda na hesabu ya mifereji vitaandikwa ndani ya mkataba.