Tathmini ya idara moja ya upasuaji: kisu kizuri, ridhaa hafifu

Hospitali ninayoieleza hapa ni ya binafsi na jina lake silitaji, maana kasoro nitakayoizungumzia imo katika utaratibu unaofuatwa na hospitali nyingi, na si haki kuitwika moja tu. Nililazwa humo kwa upasuaji wa kuondoa nusu ya tezi ya thairoidi iliyokuwa imevimba shingoni. Kwa tiba yenyewe ninaipa idara hiyo nyota tano bila kusita. Kwa namna ilivyochukua ridhaa yangu ninaipa mbili, na moja kati ya hizo imetokana na adabu ya wauguzi.

Nianze na yale mazuri, ambayo hayahitaji maneno mengi. Daktari wa usingizi alifika wodini siku iliyotangulia, akauliza kuhusu dawa ninazotumia, mizio, na meno ya bandia. Upande wa shingo utakaopasuliwa ulitiwa alama ya wino nikiwa macho, nami nikaombwa kuuthibitisha. Kabla ya kupewa dawa ya usingizi, timu nzima ilisimama ikapitia orodha ya usalama wa upasuaji, ile iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, na ilikuwa dhahiri kwamba wanaisoma kwa nia, si kwa kutimiza desturi. Kidonda kilipona vizuri, na dawa za maumivu zililetwa kwa wakati. Kama kiwango cha uangalifu anachotakiwa kuwa nacho mtaalamu kingekuwa ni kazi ya mikono peke yake, tathmini hii ingeishia hapa.

Fomu ya ridhaa, hata hivyo, ililetwa asubuhi ya upasuaji, wakati nimekwisha kuvaa gauni la chumba cha upasuaji na sindano ya dripu imo mkononi. Ilisema kwamba hatari zote nimeelezwa na nimezielewa. Hatari nilizokuwa nimeelezwa ni mbili: kutokwa na damu na kidonda kupata maambukizi. Hakuna aliyetaja kwamba nyuma ya tezi hiyo hupita neva inayoendesha nyuzi za sauti, na kwamba ikiguswa mgonjwa anaweza kubaki na sauti ya kukwaruza kwa wiki kadhaa, na wachache hubaki nayo moja kwa moja. Mimi ni mwalimu, na sauti ndiyo jembe langu. Jambo hilo nililijua kwa kusoma, kwa hiyo niliomba kumwona daktari mpasuaji kabla ya kutia saini.

Alikuja, na nakiri kwamba alikuja bila kinyongo. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba madhara hayo hutokea kwa nadra, ndiyo maana hawapendi kuyataja, kwa kuwa watu huogopa bure. Nilipomweleza kazi yangu, alibadilika, akavuta kiti, akachora neva yenyewe kwenye karatasi, akaeleza jinsi anavyoitafuta na kuilinda wakati wa kupasua, na kwamba kusubiri huku uvimbe ukifuatiliwa kwa vipimo nako kulikuwa njia halali kwa hali yangu. Maelezo hayo yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kupewa na daktari. Yalichukua muda mfupi tu, na yalipaswa kutolewa kliniki, kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa.

Jibu lake la kwanza lina ukoo katika sheria. Mwaka 1957, katika kesi ya Bolam, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba daktari hahesabiwi kuwa mzembe iwapo alifuata desturi inayokubaliwa na kundi la wenzake wenye kuwajibika. Kipimo hicho kinafaa kwa ufundi wa kutibu, ingawa hata huko kesi ya Bolitho ya mwaka 1997 iliongeza sharti kwamba maoni ya kundi hilo yawe na mantiki inayoweza kutetewa. Kwa habari ambazo mgonjwa anastahili kupewa, kipimo hicho kilikuwa na athari ya ajabu: haki ya mtu kujua kuhusu mwili wake ilitegemea mazoea ya madaktari wenyewe ya kusema au kunyamaza.

Mahakama kadhaa ziliachana nacho katika jambo hili. Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Rogers dhidi ya Whitaker ya mwaka 1992, ilishughulikia mwanamke ambaye jicho lake moja lilikuwa karibu halioni, aliyepasuliwa jicho hilo, kisha akapoteza uwezo wa kuona kwa lile zima. Hatari hiyo ilikadiriwa kuwa mara moja kati ya 14,000, yaani ndogo mno, lakini mgonjwa alikuwa ameuliza tena na tena kuhusu usalama wa jicho lake zima, na mahakama ikaona kwamba kwake yeye hatari hiyo ilikuwa na uzito. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifika mahali hapo hapo katika kesi ya Montgomery, iliyomhusu mama mwenye kisukari na kimo kifupi ambaye hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama wakati wa kuzaliwa, ingawa uwezekano wake ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari wake alinyamaza kwa kudhani kwamba wanawake wakiambiwa wangechagua kupasuliwa. Tangu uamuzi huo, swali la kuuliza huko ni kama mtu mwenye busara aliye katika hali ya mgonjwa huyu angeipa hatari hiyo uzito, au kama daktari anajua, au alipaswa kujua, kwamba mgonjwa huyu mwenyewe angeipa uzito. Uchache wa kutokea haujibu swali hilo. Kazi ya mgonjwa ndiyo inayolijibu, na fomu ya hospitali hii haina hata nafasi ya kuandika kazi.

Sheria, ni lazima isemwe, haimtaki daktari amsomee mgonjwa kila dhara lililowahi kuandikwa vitabuni, na katika dharura ambapo mtu amezimia huruhusu tiba ya lazima kuendelea. Upasuaji wangu ulikuwa wa kupangwa, na muda wa kuzungumza ulikuwepo tele.

Kifungu kilichoniudhi zaidi kilikuwa karibu na mwisho wa fomu, ambapo mgonjwa anaiondolea hospitali dhima ya madhara yoyote, "yawe yametokana na uzembe au la". Mwaka 1963, katika kesi ya Tunkl, Mahakama ya Juu ya California ilikataa kukipa nguvu kifungu cha namna hiyo ambacho mgonjwa alikitia saini ili alazwe, kwa hoja kwamba mtu anayehitaji tiba hana nafasi ya kujadiliana masharti. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1977, ilizuia biashara kujivua kwa mkataba dhima ya kifo au majeraha yanayotokana na uzembe wake. Pale ambapo sheria inakinyima nguvu, kifungu kama hicho hubaki na kazi moja tu, nayo ni kumfanya mgonjwa aliyeumia aamini kwamba hana pa kwenda. Nilikikata kwa kalamu, pamoja na kile kilichoruhusu picha zangu zitumike kufundishia, ambacho kilipaswa kuwa na saini yake peke yake. Msimamizi wa wodi aliweka saini yake ya kifupi pembeni bila ubishi wowote.

Sauti yangu haikudhurika, na kwa sababu hiyo sina dai la uzembe, kwa kuwa katika mifumo iliyorithi sheria ya Uingereza dai hilo huhitaji madhara. Kwa hiyo mgonjwa aliyenyimwa habari akapona salama hafiki mahakamani, na utaratibu uliomnyima unaendelea kumngoja anayefuata. Ulinzi wa haki yake unabaki katika mambo madogo ya ofisini, kama vile ni nani analeta fomu, siku gani, na imeandikwa nini.

Ninawashauri watu waitumie idara hii, kwa masharti kadhaa. Mgonjwa aombe fomu siku atakayopangiwa upasuaji, kwa sababu mapokezi huitoa ikiombwa. Amweleze daktari kazi yake na jambo analoliogopa kulipoteza kuliko yote, aulize pia kinachoweza kutokea asipopasuliwa, na majibu yaandikwe katika faili. Nakala ya faili niliyoiomba wakati wa kuruhusiwa nilipewa siku hiyo hiyo, ikiwa kamili, na ule mchoro wa neva ukiwa umebanwa ndani yake.