Somo la HCI nimelimaliza, na kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kukaa kimya

Hili somo nililichukua kwa uvivu, niseme ukweli tu. Kwenye orodha ya masomo ya hiari mengine yote yalikuwa na hesabu kwelikweli, halafu pembeni kuna hili la mwingiliano wa binadamu na kompyuta, sisi wote tunaliita HCI, na waliotutangulia walishatuambia hilo ni la kuchora vibokisi na kubandika vikaratasi vya rangi ukutani, unachukua A yako unaendelea na maisha. Mi nasoma sayansi ya kompyuta, kodi za programu naandika, nikasema poa, hapa napumzika. Sikupumzika. Nalipatia nyota nne kati ya tano na ile moja niliyoikata nina sababu nayo, ntafika huko.

Mhadhara wa kwanza kompyuta haikutajwa kabisa. Mwalimu alianza na ndege za B-17 za vita vya pili vya dunia, kwamba marubani walikuwa wanatua vizuri tu halafu wakishafika chini wanakunja magurudumu, ndege inalala tumbo. Lawama zote kwa rubani, mzembe. Akaja mwanasaikolojia anaitwa Alphonse Chapanis, akaenda kukiangalia chumba chenyewe cha rubani, akakuta swichi ya magurudumu na ya flapu za mabawa zimekaa jirani na zinafanana kama mapacha, yani mtu kachoka, katoka vitani, anapapasa akunje flapu anashika siyo. Dawa yake ndogo mpaka inachekesha: swichi ya magurudumu ikawekewa kishikio cha umbo la gurudumu, ya flapu umbo la kibawa, mkono unajua wenyewe bila macho. Kutoka hapo akaruka hadi mashine ya tiba ya mionzi, Therac-25, ambayo kati ya 1985 na 1987 iliwazidishia mionzi wagonjwa 6 na baadhi yao wakafa. Kodi yake ilikuwa na makosa ya ndani, hilo lipo, ila skrini nayo ilikuwa inaandika hitilafu namba 54 basi, bila neno lingine, na kwa vile mashine ilikuwa na vihitilafu vya kila siku waendeshaji walishazoea kubonyeza P ya kuendelea. Nilitoka darasani nikiwaza meseji zote za "kuna tatizo, jaribu tena" nilizowahi kuziandika mimi. Ni nyingi aisee.

Wiki zilizofuata ni nadharia na hapa itategemea na mtu. Sheria ya Fitts ya 1954 niliipenda mno: muda wa kukifikia kitu unategemea kiko mbali kiasi gani na kina upana gani, ukishaielewa hiyo unaelewa kwa nini kona za skrini ya kompyuta ni dhahabu, manake mausi ukiisukuma inagota pale haipiti, hata usukume kwa hasira. Ile namba 7 ya mwanasaikolojia Miller ya 1956 mwalimu alitukanya nayo mapema, kwamba kila mwaka kuna watu wanaandika eti menyu isizidi vitu 7, wakati Miller alikuwa anaongelea vitu unavyovishika kichwani na menyu iko mbele ya macho yako unaisoma. Historia ya akina Engelbart, yule aliyebuni mausi, mausi yake ya mbao, onyesho lake la 1968, ilipita haraka, na mi nilikuwa nasinzia.

Sasa mradi. Tulikuwa kundi la watu wanne, tukachagua apu ya kuwakumbusha watu muda wa kumeza dawa, hasa wazee wenye dawa za kila siku. Tukaenda kuhoji watu sita, swali letu "je, ungependa apu itakayokukumbusha dawa?" na wote sita wakasema ndiyo, wengine na tabasamu juu. Tukarudi tumechangamka, tayari mmoja wetu kashaanza kuchora nembo. Mwalimu akatuuliza swali moja tu: ni nani mlitegemea akatae, mbele ya kijana mpole ameshika daftari? Akaturudisha. Akasema msiulize watu wangependa nini, waulizeni mara ya mwisho ilikuwaje, siku gani, alikuwa wapi, akafanya nini baada ya hapo. Tukarudi tukauliza hivyo, na kumbe wengi wao muda wa dawa hawausahau kabisa, wana ratiba zao, dawa imeshikizwa na kuamka au na kwenda kulala. Kinachowasumbua ni nusu saa baadaye mtu anakaa anajiuliza hivi nimeshameza au bado, na hapo anachagua kati ya kumeza mara mbili au kuruka. Yani sisi tulikuwa tunatengeneza kengele, watu wanahitaji kumbukumbu. Kama tungeandika kodi wiki ya kwanza kama nilivyotaka mimi, tungekuwa na kengele nzuri sana isiyo na kazi.

Tukachora kwenye karatasi. Nilidharau hii hatua, nikasema si tuingie tu Figma, ile programu ya kuchorea skrini, mambo ya karatasi ni ya chekechea, lakini kuna siri pale: kitu kikiwa kimechorwa kwa kalamu na mistari imepinda, mtu anakwambia wazi kwamba hapa sielewi, ila ukimwonyesha kitu kinang'aa anadhani kimeshakamilika, anakuonea huruma, anasema kizuri. Mwenzetu mmoja ndo alikuwa kompyuta, mtu akigusa karatasi yeye anabadilisha karatasi. Tulicheka sana siku ile, na tulitupa karibu nusu ya skrini zetu bila uchungu wowote manake ilikuwa ni karatasi tu.

Baada ya hapo prototaipu, yani apu ya majaribio, ya kwenye simu, na majaribio na watu wenyewe. Hapa ndo pesa yako na muda wako vinapoenda, kama unachukua hili somo lichukue kwa ajili ya hizi wiki mbili. Kanuni ni kwamba unampa mtu kazi ya kufanya, unamwomba aseme kwa sauti anachokiwaza, halafu unanyamaza. Humsaidii. Akikuuliza "nibonyeze hapa?" unamjibu "wewe unaonaje?" na unajiona kama huna adabu vile.

Mtu wetu wa pili alikuwa mzee mmoja mstaafu, mtaratibu, miwani anaishusha puani. Kazi yake: "mzee, chukulia umeshameza dawa ya asubuhi, iambie simu." Kwenye skrini yetu kila dawa ilikuwa na alama ya vema pembeni, ya kijivu, ukiigusa inakuwa ya kijani, maana yake umemeza. Mimi ndo niliyeichora na niliona ni kitu safi sana. Mzee akaitazama skrini muda mrefu, akasema, "hapa naona pana vema, basi imeshaandika kwamba nimekunywa." Akaiweka simu mezani. Kamaliza.

Jamani. Mtu ambaye hajagusa chochote, apu imemwambia dawa umeshameza. Ile alama kwangu mimi ilikuwa ni batani, kwake ilikuwa ni taarifa, na yeye ndo alikuwa sahihi, vema maana yake imefanyika, toka darasa la kwanza tunajua hivyo. Nikataka kusema. Nikakohoa. Kwenye video tuliyorekodi (kwa ruhusa yake, fomu alisaini) kidole changu kinaonekana kabisa kinasogea taratibu kuelekea kwenye simu halafu kinarudi. Mzee akaona nimekaa kimya sana, akasema "samahani mwanangu, mimi haya mambo ya simu siyawezi." Hiyo sentensi ndo imebaki na mimi mpaka leo. Kosa langu mimi, samahani anaomba yeye.

Watu watano tuliowajaribu, wanne waligonga palepale. Kuna hesabu maarufu ya watafiti Nielsen na Landauer ya 1993 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha kama asilimia 85 ya matatizo, na mwalimu alitufafanulia kwamba hiyo inasimama pale tu tatizo moja linapoonekana kwa wastani kwa asilimia 31 ya watu, kwa hiyo usiishike kama msahafu, matatizo yaliyojificha watano hawayaoni. La kwetu halikujificha, lilikuwa limesimama mlangoni. Tukaitoa ile vema, tukaweka batani kubwa imeandikwa "Nimemeza", ukibonyeza inageuka kuwa maandishi "Umemeza leo saa 2 asubuhi" na pembeni sehemu ya kufuta kama umekosea. Mbaya kwa macho, nakiri. Duru ya pili hakuna aliyekwama hapo.

Haya, nyota niliyoikata. Kwanza mtihani wa mwisho, unaniambia nitaje kanuni 10 za Nielsen za kutengeneza skrini zinazotumika kirahisi, yani somo linalofundisha kwamba mtu asilazimishwe kukumbuka kitu anachoweza kukiona (hiyo yenyewe ni mojawapo ya zile 10) linamalizia kwa kukukaririsha orodha. Pili zile wiki za pasona, watu wa kufikirika unaowapa jina na picha na hobi, ukizitengeneza kutokana na mahojiano zina maana, lakini makundi mengi walikuwa wanakaa chini usiku wa kuamkia prezentesheni wanamtunga "Mama Bahati miaka 45 anapenda teknolojia" na maksi wanapata sawa na nyie mliozunguka juani.

Tatu, na hili ndo linaniuma zaidi, masuala ya watu wenye ulemavu yamewekwa wiki moja ya mwishoni, kama kiporo. Mwalimu akaigeuza apu yetu kuwa nyeusi na nyeupe kwenye projekta, na kijani yetu ya "umemeza" na nyekundu yetu ya "umeruka" zikawa kijivu kimoja kilekile, huwezi kuzitofautisha. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yapishane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kijivu chetu kipendwa cha maandishi hakikufika, na siku hiyo tulikuwa tumebakiza siku nne kukabidhi. Hayo mambo yawe wiki ya pili, siyo ya kumi na tatu.

Nani achukue: kama unaandika kodi, chukua, hasa wewe unayesema "watumiaji hawasomi". Kama unatafuta kujifunza kuchora vitu vizuri humu hamna, hiyo ni fani nyingine. Na chagua kundi lako mapema kabla hujachaguliwa.

Halafu kuna tovuti ya chuo ya kukabidhia kazi. Tumepakia ripoti ya mwisho, kurasa 40 na kitu, nikabonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa ukaonekana umejirudia upya, mtupu. Hakuna imepokelewa, hakuna imekataliwa. Nikakaa naitazama, hivi nimetuma au bado, nikituma tena zitakuwa mbili, nisipotuma inawezekana hamna kitu. Kwa hasira nikachukua dodoso la SUS la John Brooke, la kupima kitu kinatumika kirahisi kiasi gani, lile la sentensi 10 ambalo alama za wastani huwa zinatajwa kama 68 kati ya 100, nikaijazia ile tovuti peke yangu saa 6 usiku. Ikapata 27.5. Nikatuma tena.