Meza Tunayoisubiri: Kutoka Kuku wa Kisutu hadi Injera ya Regent Estate

Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia, sisi watu sita tunaofanya kazi pamoja Kariakoo huchangishana na kwenda kula mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kufika. Orodha ninaitunza mimi, katika daftari lile lile ninaloandikia hesabu za stoo. Jina la mgahawa haliingii humo kwa sababu ya mapambo yake wala kwa picha zake zinazozunguka kwenye simu za watu, bali kwa swali moja tunaloulizana kabla ya kukubaliana: jiko hilo linapika kitu gani ambacho sisi, hata tukishinda jikoni kutwa nzima, hatuwezi kukipika nyumbani kikatoka vile?

Kwa swali hilo, zamu ya mwezi ujao imeangukia Addis in Dar, mgahawa wa Kihabeshi, yaani wa chakula cha Ethiopia, uliopo Mtaa wa Ursino, Regent Estate. Sababu zake nitazieleza, lakini ni haki kwanza nikitaje kipimo tunachotumia, kwa kuwa kila mgahawa mpya tunaulinganisha na Mamboz, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Mtaa wa Libya, mwendo mfupi kutoka kituo cha mwendokasi cha Kisutu. Jioni mkaa unapokolea na meza kupangwa kando ya barabara, harufu ya kuku humfikia mtu kabla hajaliona jiko lenyewe. Kuku wa sekela wa pale ngozi yake imekauka kwa moto, ilhali nyama ya ndani bado ina maji yake na inaachia mfupa bila kuvutwa, na ukali wa pilipili hauji mara moja, unapanda taratibu hadi mtu anajikuta anaomba ndimu na soda kwa pamoja. Nimejaribu mara nne kumpika kuku wa namna hiyo nyumbani, nikamlaza kwenye viungo usiku kucha, na mara zote nne jiko langu dogo la mkaa limeniunguzia nje kabla ndani hakujaiva. Moto mpana wa kuchomea kuku wengi kwa pamoja, na mkono unaojua wakati wa kumgeuza, havipatikani jikoni kwangu. Ndiyo maana Mamboz tunairudia hata nje ya zamu.

Si kila safari yetu imekuwa hivyo. Mwaka jana tulikwenda kwenye mgahawa mmoja wa Masaki, ambao sitautaja, tukakaa saa moja na nusu tukitazamana, na chakula kilipokuja wali ulikuwa umepoa na samaki alikuwa mkavu. Risiti ilipoletwa ndipo tulipofahamu kwamba bei za kwenye menyu hazikuwa na VAT, na ile asilimia 18 iliyoongezwa juu ilizidi mchango wetu kiasi kwamba dada yetu wa mapokezi alilazimika kutoa nauli yake ya kurudi Mbagala. Jambo lile liliniuma, kwa sababu yeye ndiye anayepata mshahara mdogo kuliko sisi wote. Tangu siku hiyo siweki jina la mahali popote kwenye zamu kabla sijapiga simu kuuliza mambo matatu: kama bei zinajumuisha kodi, chakula cha watu sita kinachukua muda gani, na kama nyama ni halali, kwa kuwa watatu kati yetu ni Waislamu.

Sasa nirudi kwenye chakula cha Kihabeshi, ambacho ninakingojea kwa hamu kuliko chochote kilichomo katika daftari. Injera, mkate wao mpana na laini unaoliwa kwa mchuzi, hutengenezwa kwa unga wa teff, nafaka ndogo mno ya nyanda za juu za Ethiopia, na uji wake mzito huachwa siku kadhaa uchachuke kabla ya kumiminwa kwenye bamba pana la moto na kuiva upande mmoja tu, huku juu kukitokeza matundu mengi madogo. Aliyekulia Pwani hawezi kusikia maelezo hayo asikumbuke chila, ambayo nayo huumuliwa kwanza, ikaiva upande mmoja na kutoboka hivyo hivyo, isipokuwa sisi tunaielekeza kwenye utamu wa nazi na wao wanaiacha na uchachu wake. Uchachu huo ndio unaokata mafuta ya mchuzi, hasa doro wat, mchuzi wa kuku ambao vitunguu vyake hukaangwa muda mrefu kabla ya kutiwa mchanganyiko wa pilipili na viungo uitwao berbere, kisha ukapewa yai zima la kuchemsha. Vitunguu vya kupikwa hivyo vinadai subira ambayo majiko mengi ya biashara hayana, na ndilo jambo la kwanza nitakalolitafuta kwa ulimi.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Mwenzetu mmoja hali nyama kabisa, na mara nyingi amekuwa akiambulia chipsi na kachumbari huku sisi tukichagua tunachotaka. Kwa Wahabeshi wa Kanisa la Orthodoksi, Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo, hakuliwi nyama, mayai wala maziwa, hivyo mapishi yao ya dengu na mboga za majani yamenolewa kwa karne nyingi na watu waliohitaji kushiba nayo. Beyaynetu, yaani mchanganyiko wa michuzi mbalimbali iliyopangwa juu ya injera moja pana, inamweka mwenzetu huyo kwenye sinia moja na sisi badala ya kumtenga na sahani yake pembeni. Sisi tuliolelewa kula sinia moja, kila mtu akila upande wake bila kuvuka kwa jirani, hatutahitaji kufundishwa adabu ya meza hiyo.

Mingine iliyomo katika daftari itasubiri. Zuane, mgahawa wa Kitaliano ulio ndani ya nyumba ya zamani yenye bustani huko Oysterbay, unafaa kwa sherehe, na tumeuwekea siku ya kumuaga mwenzetu atakayestaafu. Karambezi, mkahawa wa hoteli ya Sea Cliff, ina bahari chini ya meza, na mandhari ya namna hiyo yana bei yake, kwa hiyo naona pafae zaidi kwa kahawa na mazungumzo kuliko kwa mlo wa watu sita wenye njaa. Mzee wetu wa stoo anashikilia kwamba tunahangaika bure wakati soko la Feri lipo Magogoni, ambako mtu huchagua changu au pweza mwenyewe, akalipa wa kumpaa na wa kumkaanga, akala papo hapo. Nakubaliana naye kuhusu ubichi wa samaki, ila nimemwomba tungoje kusi ipungue, kwa sababu upepo ule ukivuma sana mitumbwi midogo haitoki kwa wingi na bei hupanda.

Zamu ya Addis in Dar nimeipanga Ijumaa jioni, siku ya mfungo wao, ili mapishi ya dengu tuyaonje siku ambayo yana maana yake. Bajaji mbili zinatutosha kutoka Kariakoo. Tutaagiza beyaynetu mbili na doro wat, na baada ya kunawa tutabaki kwa ajili ya kahawa, ambayo kwa desturi yao hukaangwa mbele ya mgeni na kumiminwa duru tatu. Mzee wa stoo, anayekunywa kahawa chungu ya dele kila asubuhi pale Mtaa wa Swahili, ameshatuambia kwamba chakula anatuachia sisi tukihukumu, lakini kahawa ataihukumu yeye.