Uzoefu wangu na huduma ya kuchimbiwa kisima kirefu kwenye mwamba wa Tabora

Nimechimbiwa kisima kirefu nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa Uyui, na kampuni ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa ninalotaka kulieleza ni namna mtambo wao ulivyokabiliana na ardhi yetu. Chini ya udongo wa huku kuna mwamba wa itale (graniti) wenye umri unaozidi miaka bilioni 2, na asiyeujua mwamba huo hawezi kumpima mchimbaji kwa haki.

Tabaka la juu, la kichanga na mwamba uliooza, lilichimbika kwa kasi iliyowafurahisha majirani. Mimi nilifurahi zaidi pale fundi mkuu alipousimamisha mtambo na kushusha mabomba ya kuzuia kuta zisibomoke. Walipoufikia mwamba mzima walifunga nyundo inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa, ambayo hugonga huku ikizunguka, na kasi ikashuka mno. Itale ina kwazi nyingi, madini magumu yanayokula meno ya biti, yaani kichwa cha kuchimbia. Kwa hiyo kila kasi ilipopungua ilhali vumbi linalotoka halijabadilika rangi, fundi alijua kwamba tatizo ni biti wala si mwamba, akaipandisha kuikagua. Umakini huo ndio ninaousifu kuliko ukubwa wa mtambo.

Baadaye waliingia kwenye mwamba uliopasuka. Hewa ikapotelea kwenye nyufa na vyuma vikakwama. Walivilegeza taratibu, wakasafisha shimo, na maji yakaanza kuruka. Wachimbaji wa mahandaki huliogopa eneo la namna hiyo: katika handaki la reli la Gotthard huko Uswisi, lenye kilomita 57 na lililofunguliwa mwaka 2016, wahandisi waliihofia sana sehemu ya Piora, hadi vipimo vilipoonyesha kwamba kwenye kina cha handaki mwamba wake ulikuwa mkavu na imara. Sisi wa visima eneo lenye nyufa ndilo tunalolitafuta, kwa kuwa maji hupitia humo.

Lawama yangu ni ya bei. Mkataba ulitaja kiwango kimoja kwa kila mita, kisha nikadaiwa nyongeza ya mabomba kazi ikiwa imeshaanza, ingawa anayechimba Tabora anafahamu tangu mwanzo kwamba yatahitajika. Hata hivyo walinikabidhi jedwali la matabaka linaloonyesha kina, aina ya mwamba na mahali maji yalipoingia, na kwa jedwali hilo mabomba yenye matundu yaliwekwa mkabala na nyufa zenyewe. Maji yanatosha nyumba na bustani hata mwezi wa Oktoba. Nitawaita tena, ila kwa mkataba unaotenganisha bei ya udongo, ya mwamba na ya mabomba.